Pole Inayojituma

Katika miaka yangu ya ualimu nimesahihisha insha za watoto, barua za kuomba kazi, hotuba za madiwani na hata shairi la mkaguzi mmoja wa shule, ambaye hakupendezwa na niliyomwambia. Sikupata kufikiri kwamba siku moja, nikiwa na umri wa miaka 76 na macho yamekwisha kuchoka, ningeletewa kusahihisha maandishi ambayo mwenyewe hayupo. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuja kututembelea huku Kilosa mwezi wa Agosti mwaka juzi, akanipa shikamoo, akala, akapumzika, kisha akatoa katika mkoba wake karatasi zilizobanwa kwa pini.

"Mjomba," akasema, "naomba unisaidie Kiswahili tu. Mengine yote tayari."

Mpwa wangu ni mkuu wa mauzo katika kampuni moja ya Dar es Salaam inayowauzia wakulima pampu za maji zinazoendeshwa kwa nguvu ya jua, malipo kwa awamu. Karatasi zile zilikuwa na jumbe 38 za simu, kila mmoja na namba yake, kila mmoja na siku yake ya kutumwa. Nikamwuliza zinatumwa na nani. Akacheka. "Zinajituma zenyewe, Mjomba."

Neno hilo "kujituma" nimelitumia maisha yangu yote kwa maana nyingine, nami nitalirudia baadaye. Kwanza nieleze jambo lenyewe, maana msomaji wa rika langu huenda akadhani nazungumzia uchawi.

Zamani, yaani miaka sita au saba tu iliyopita, kila muuzaji wa kampuni ile alikuwa na kaunta buku lake. Alichora mistari: jina la mteja, kijiji, namba ya simu, ukubwa wa shamba, alichoahidi, siku ya kumpigia tena. Jioni, baada ya kuzunguka juani kutwa nzima, alikaa na simu yake akiandika maneno yale yale kwa watu ishirini, thelathini: habari, mimi ndiye niliyekuja kwako Jumanne, naomba kujua umeamuaje. Buku likipotea kwenye basi, wateja wamepotea. Muuzaji akiacha kazi, anaondoka na buku, na kampuni haijui hata ilikuwa inaongea na nani. Sasa yote yanaingizwa katika programu ya kompyuta ya kutunza habari za wateja. Mteja akiandikishwa, anawekwa kwenye ngazi ya kwanza. Akipigiwa simu, anapanda ngazi ya pili. Akitembelewa shambani, ya tatu; akipelekewa profoma, ya nne; na kadhalika mpaka alipe, na baada ya kulipa anaingia kwenye ngazi nyingine za marejesho. Kila ngazi ina kengele yake. Siku 3 zikipita bila jibu, ujumbe namba 2 unakwenda. Siku 7, namba 3. Siku 14, programu inamwamuru muuzaji mwenyewe apige simu, na asipopiga, mkuu wake anaonyeshwa rangi nyekundu. Hakuna anayeandika, hakuna anayekumbuka, hakuna anayesahau.

Nakiri kwamba mimi sikuwa msomaji mwema kwa maandishi ya namna hii. Kizazi chetu kilifundishwa kuutilia shaka uuzaji wenyewe. Mwalimu Nyerere alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya yule mfanyabiashara wa Venice, kitabu kilitoka mwaka 1969 kikiitwa Mabepari wa Venisi, na sisi tuliokuwa chuo cha ualimu miaka ile hatukuona ajabu yoyote katika jina hilo. Mfanyabiashara na bepari kwetu walikuwa ndugu wa tumbo moja. Kisha ikaja miaka ya mwanzo ya themanini, miaka ya foleni, ambapo hakuna muuzaji aliyemfuata mnunuzi. Mnunuzi ndiye aliyemfuata muuzaji, na muuzaji alijibu "hakuna" kabla hujamaliza kutaja sabuni. Ukitaka kujua, lile "hakuna" ndilo jibu la kwanza la kujituma nililowahi kulisikia.

Kwa hiyo nilianza kusoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi na kinyongo moyoni. Haki ya uhakiki lakini ni kuanza na uzuri wa kazi, na uzuri upo. Mpwa wangu alinieleza habari za mkulima mmoja wa vitunguu aliyeomba profoma mwanzoni mwa kiangazi. Muuzaji aliandika jina lake chini ya ukurasa, akageuza ukurasa, akamsahau. Wiki tatu baadaye yule mkulima akapiga simu mwenyewe, lakini si kwa ajili ya pampu tena. Vitunguu vilikuwa vimekauka. Nilikuwa na hamu ya kusema kwamba kusahau ni ubinadamu. Nikamfikiria yule mkulima, nikanyamaza. Ni rahisi kwa mtu anayepokea pensheni kuusifu usahaulifu wa wengine.

Tena tusidhani kwamba kompyuta ndiyo iliyoanza kumfanya muuzaji aseme maneno yasiyo yake. Huko Dayton, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, palikuwa na bwana mmoja, John H. Patterson, mwenye kiwanda cha mashine za kuhesabia fedha madukani. Mwaka 1887 shemeji yake, Joseph Crane, aliandika kijitabu cha maneno anayopaswa kusema muuzaji, na wauzaji wa kiwanda kile wakatakiwa kukihifadhi kwa moyo: ukifika sema hivi, mteja akikataa jibu hivi, hapa elekeza kidole kwenye mashine. Mtu alifanywa santuri kabla ya santuri kufika madukani. Katika wauzaji waliofunzwa chini ya Patterson alikuwamo Thomas J. Watson, yule ambaye baadaye aliongoza kampuni iliyokuja kuitwa IBM. Kwa hiyo undugu wa muuzaji anayekariri na mashine inayokumbuka ni wa zamani kuliko mimi. Siebel, iliyoanzishwa mwaka 1993, ikaja kuuza programu za kuwaongoza wauzaji katika makampuni makubwa, Salesforce, iliyoanzishwa mwaka 1999 huko San Francisco, ikaja kuipitisha kazi hiyo kwenye intaneti, na leo hata kampuni ya vijana kumi na wanane iliyo ghorofa ya pili mtaani Kinondoni inaweza kukodi mashine hiyo kwa mwezi.

Hebu sasa tuingie katika maandishi yenyewe.

Ujumbe wa kwanza ulianza hivi: "Habari", kisha mabano, ndani ya mabano neno "jina", kisha alama ya mshangao. Mpwa wangu akanieleza kuwa mashine yenyewe hujaza pale jina la mteja. Nikamwomba anionyeshe zilizokwisha kutumwa. Akafungua kompyuta. La haula! "Habari Mama!" "Habari Mwl!" "Habari Bi!" "Habari Mzee!" Kumbe programu ile ilitungwa na watu ambao kwao neno la kwanza ndilo jina la mtu. Muuzaji wetu akiandika "Mama Fulani", kama anavyoitwa kijijini kwake na kwa heshima, mashine inalichukua neno la kwanza na kumtupa Fulani. Mwalimu amebaki kifupisho na nukta yake. "Mzee" peke yake ndiye aliyeponea chupuchupu, maana "Habari Mzee" inapita, ingawa alikusudiwa aitwe Mzee wa mahali fulani, na si mzee tu kama mzee yeyote aliyeketi kituoni. Na palipokuwa hapana kitu kilichojazwa, ujumbe ulisema "Habari !" Nafasi ile tupu kabla ya alama ya mshangao niliitazama kwa muda mrefu. Katika ukurasa mzima ule, hiyo ndiyo sehemu iliyosema kweli: aliyeandika hakujua anamwandikia nani.

Msomaji atasema, mbona kadi za michango ya harusi zinachapishwa mia tatu kwa maneno mamoja, na hatukasiriki? Ni kweli. Lakini kwenye kadi kuna vile vidoto, na juu ya vidoto mtu ameketi na kalamu akaandika jina lako, pengine kwa makosa, pengine akakuita Bw. na Bibi wakati mke wako alikwisha tangulia mbele ya haki. Kosa lenyewe ni la mkono. Unaweza kumkuta mwenye mkono huo msikitini au kilabuni ukamwambia.

Ujumbe wa sita ulinitaabisha zaidi. Ulianza "Shikamoo". Mpwa wangu alilelewa vizuri, naye aliona haifai kampuni ya vijana kumwandikia mzee "Mambo vipi". Sawa. Lakini shikamoo si neno, ni kipimo. Ukiitamka umekwisha kupima umri, cheo, udugu, na umejiweka chini. Mashine ilikuwa inawaamkia wote, na katika orodha niliona imemwamkia kijana wa miaka 23 mwenye ekari moja ya matikiti. Nikamwambia mpwa wangu: ama muwajue watu umri, ama muache. Wiki iliyofuata akanipigia simu kwa furaha, "Mjomba, tumeongeza kisanduku cha mwaka wa kuzaliwa!" Sasa mashine inawaamkia waliozaliwa kabla ya mwaka 1975 tu. Sikujua nicheke au nilie. Nilikuwa nimepinga upungufu wa heshima, nikajibiwa kwa usahihi wa heshima. Na kwa njia hiyo miaka ya kuzaliwa ya wakulima mamia kadhaa ikaingia katika kompyuta kwa sababu mzee mmoja wa Kilosa alikuwa mkali wa adabu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inampa mtu haki ya kukataa habari zake zisitumiwe kumtangazia biashara. Nilimwuliza mpwa wangu kama wakulima wanaijua haki hiyo. Akaniuliza kama mimi nilikuwa naijua kabla ya kuisoma gazetini.

Kisha "Tumekukumbuka." Huo ni ujumbe wa kumi na moja, unaokwenda kwa mteja aliyekaa kimya siku 60. Kiswahili chetu kina utajiri wa ajabu katika kitenzi hiki. Kumkumbuka mtu ni kutomsahau, na pia ni kumtamani, kuhisi pengo lake. Mama akimwandikia mwanawe aliye mbali "nimekukumbuka", hasemi kwamba hafidhina yake inafanya kazi. Mashine inakumbuka kwa maana ya kwanza kuliko sisi sote. Inakumbuka mpaka dakika. Kwa maana ya pili haikumbuki hata kidogo. Ujumbe ule unachukua ukweli wa maana ya kwanza na kuuvisha nguo za maana ya pili, nasi wasomaji tunaziona nguo na kusahau kutazama aliyezivaa.

Tusijidanganye kwamba wanaonaswa ni wakulima tu. Mwaka 1966 Profesa Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT kule Marekani, alichapisha habari za programu yake aliyoiita ELIZA. Haikujua lolote. Ilikuwa inachukua maneno ya mtu na kumrudishia kama swali, mithili ya daktari wa nafsi anayesikiliza. Katibu wake mwenyewe, aliyekuwa amemwona akiitengeneza kwa miezi, alianza kuongea nayo, na baada ya maneno machache akamwomba Profesa atoke chumbani ili wabaki faragha. Weizenbaum hakuusahau mshituko huo, na miaka kumi baadaye aliandika kitabu kizima cha kuonya. Aliyeonywa zaidi, nadhani, alikuwa yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyeyatunga maneno.

Hapa niseme neno juu ya vipaza sauti. Huku kwetu hapiti mwezi bila kijana kupita na baiskeli na kipaza sauti kilichorekodiwa: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya viroboto, kikiisha kinaanza upya. Ni mashine ya kuuza kama ile ya mpwa wangu. Inarudia maneno yale yale mara mia kwa siku, na kijana mwenyewe amefunga mdomo, anaokoa koo lake. Inanikera wakati wa usingizi wa mchana, lakini sijawahi kuona imenidanganya. Haijifanyi inanijua. Haisemi "Mwalimu, tumekuwa tukiwaza juu ya kunguni wako." Kila mtu anajua ni sauti iliyokamatwa, na anayetaka dawa anatoka nje, anamkuta mtu.

Kutokana na kipaza sauti kile nilipata kipimo changu, nikakitumia kwa jumbe zote 38. Nilijiuliza: msomaji akijua kwamba hakuna mtu aliyeandika haya, maneno yatabaki kuwa kweli? Ujumbe wa kumi na tisa ulifaulu kwa alama zote. "Pampu yako imefika Morogoro. Fundi atakuja Alhamisi asubuhi. Kama hutakuwepo, piga simu namba hii." Hauna mapambo, hauna mpendwa, hauna mshangao. Fundi akija Alhamisi, ni kweli. Asipokuja, ni uongo, na uongo huo una mtu wa kuulizwa. Nilisahihisha nukta moja tu. Sijui kama mpwa wangu aliamini nikimwambia kuwa huo ndio uandishi bora katika karatasi zake zote, kwa sababu aliutunga kwa dakika moja akiwa kwenye daladala.

Ujumbe wa nane ulianguka, na hapo tuligombana. "Harakisha! Zimebaki pampu 3 tu kwa bei hii." Unakwenda siku ya tisa baada ya profoma, kwa kila mtu, masika na kiangazi. Nikamwuliza mpwa wangu: ghalani ziko ngapi? Akasema siku ile zilikuwa zaidi ya mia. Nikaukata kwa mstari mwekundu kutoka kona hadi kona, kama nilivyokuwa nikikata majibu yaliyonakiliwa. Akanitazama, kisha akasema polepole, bila kunivunjia heshima: "Mjomba, huo ndio unaouza." Alinionyesha hesabu, na hesabu zilikuwa upande wake. Akaongeza kwamba ana wauzaji tisa, kila mmoja ana watoto, na mshahara wao una sehemu inayotegemea mauzo. Nikamwambia muuzaji mwongo wa zamani angalau alilazimika kuusema uongo wake kwa mdomo, akimtazama mtu usoni, na siku nyingine ulimi ulikwama. Huu wa sasa uliandikwa mara moja, tena na mtu aliyeondoka kazini, nao unaendelea kusemwa usiku na mchana bila ulimi wa mtu yeyote kupata nafasi ya kukwama. Mpwa wangu hakujibu. Alipoondoka alinipa bahasha yenye shilingi 200,000 za kazi yangu, nami nikaipokea. Naandika hivyo ili msomaji asinione mtakatifu. Tulinunulia mabati.

Ujumbe namba 27 nao nilikuwa nimeubadilisha, na wakati ule niliuonea fahari. Ulikuwa wa wanaochelewa kulipa, na ulisema: "Malipo yako yamechelewa siku 5. Lipa sasa kuepuka usumbufu." Niliona ni ukali usio na sababu, wa kumfokea mtu mlangoni kwake. Nikaandika badala yake: "Pole kwa yaliyokupata. Tunajua mambo huingiliana. Malipo yako yamechelewa siku 5. Tafadhali kamilisha utakapopata nafasi." Mpwa wangu akaondoa "utakapopata nafasi" akaweka "ndani ya siku 3", akayaacha mengine, akanisifu sana. Kipimo changu cha kipaza sauti sikukikumbuka katika ujumbe ule. Mhakiki husoma vikali maandishi ya wengine.

Nimesema nitarudi kwenye neno "kujituma". Nilipokuwa mwalimu mkuu, kila mwisho wa muhula niliandika maoni katika ripoti za wanafunzi wote, zaidi ya 600, ndani ya siku tatu. Nilikuwa na sentensi kumi na moja. Nilizijua kwa namba, na mwalimu aliyenisaidia kunisomea alama alisema jina na wastani, nami mkono uliandika wenyewe. Chini ya 40, "Aongeze bidii." Kati ya 40 na 55, "Ana uwezo, ajitume zaidi." Na kuendelea. Mwaka fulani alikuja baba mmoja kwa baiskeli kutoka kijiji kilicho kilometa 14, ripoti ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Alikuwa hajui kusoma. Alisomewa na jirani. Akaketi, akaifunua, akasema, "Mwalimu, umeandika mtoto wangu ana uwezo. Nimekuja uniambie uwezo wa nini, nijue nimwelekeze wapi."

Sikumkumbuka mtoto. Nilitazama jina, nikatazama alama, nikasema maneno fulani juu ya hesabu. Yule baba alinishukuru kwa mikono miwili, akapanda baiskeli yake. Mtoto, nilikuja kujua baadaye, hesabu ndilo somo lililokuwa likimwangusha. Basi nikisoma jumbe za mpwa wangu na kuuliza kwa sauti ya juu nani anasema hapa, nilipaswa kujua kwamba swali hilo lilikwisha kuulizwa ofisini kwangu, na aliyekuwa amekaa kwenye kiti hakuwa mashine. Tofauti ninayoiona ni moja tu, nami siiti utetezi: yule baba alipopanda baiskeli alikuta mtu wa kumwuliza, na mtu huyo akaona haya, na muhula uliofuata ripoti zilichukua siku tisa badala ya tatu.

Mwezi wa Februari mwaka huu jirani yangu alikuja jioni na simu mkononi. Ni mkulima wa nyanya na vitunguu, ana pampu moja katika zile za kampuni ya mpwa wangu, ingawa si mimi niliyemwelekeza huko. Mke wake alikuwa amefariki wiki tano kabla, nilikuwapo mazikoni. Baada ya salamu akasema, "Mwalimu, nisaidie. Nina vocha lakini ujumbe wangu unakataa kwenda."

Nikavaa miwani. Ulikuwa ujumbe mrefu, umeandikwa bila nukta, wa kuwajibu watu wa pampu. Aliwashukuru kwa kumpa pole. Alisema hakujua habari za msiba zimewafikia mpaka Dar es Salaam, na kwamba katika wote anaodaiwa nao ni wao peke yao walioanza na pole kabla ya kudai. Alieleza ugonjwa ulivyoanza, hospitali walizopita, fedha zilivyokwenda, akaomba wamvumilie mpaka vitunguu vivunwe. Chini yake simu iliandika kwamba haukutumwa. Alikuwa amejaribu mara nne. Ujumbe ule wa kampuni ulitoka kwenye jina, si kwenye namba, na jina la namna hiyo halipokei majibu.

Juu ya maneno yake niliyaona yangu. Pole kwa yaliyokupata. Tunajua mambo huingiliana.

Ningeweza kumwambia kwamba mtandao ni mbaya. Nilimweleza ukweli wote, taratibu, kwamba hakuna aliyejua habari za msiba wake, kwamba ni mashine iliyohesabu siku tano, na kwamba yale maneno mazuri niliyaandika mimi, hapa hapa barazani, kabla mkewe hajaugua, kwa ajili ya mtu yeyote. Alisikiliza kimya. Aliitazama simu, akanitazama mimi, akasema, "Kwa hiyo ni wewe, Mwalimu." Sikuweza kujua kama alikuwa ananishukuru au ananilaumu, na sikuuliza. Alikunywa chai yake, tukazungumza juu ya bei ya vitunguu, akaenda zake kabla giza halijaingia.

Usiku ule nilimpigia mpwa wangu. Alinyamaza kwa muda, kisha akaomba namba ya jirani yangu, na kesho yake asubuhi alimpigia yeye mwenyewe, akampa pole kwa sauti yake, akamwongezea siku 60. Katika programu, sehemu ya maelezo, ameandika: msiba, asitumiwe ujumbe wowote hadi Mei. Kuhusu ujumbe namba 27, amesema utabadilishwa pamoja na mingine wakipata nafasi. Nimeshamtumia maneno mapya. Yanasema malipo yamechelewa siku 5, na mwenye tatizo apige namba hii, atajibiwa na mtu kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Mpaka ninapokabidhi kurasa hizi kwa mpiga chapa, ule wa zamani ndio unaokwenda.